Shuka Jekundu na Mistari ya Kiswahili: Mapokezi ya Kihakiki ya Albamu Moja ya Arusha



Ninashukuru kwa nafasi hii ya kuzungumza mbele yenu, chini ya Mlima Meru, juu ya kazi iliyozaliwa katika mji huu. Mwaka 2004 kampuni ya Out Here Records, yenye makao yake mjini Munich, Ujerumani, ilitoa albamu ya kundi la X Plastaz la Arusha iliyopewa jina la Maasai Hip Hop. Kundi hilo lilikuwa limeanza kazi katika miaka ya 1990, likiwa na vijana waliojulikana kwa majina ya kisanii ya Faza Nelly, Gsan na Ziggy Lah, kisha likamjumuisha Yamat Ole Meipuko, maarufu kama Merege, mwimbaji wa nyimbo za Kimaasai. Ilikuwa albamu yenye tamaa kubwa kisanaa. Ilitaka kuuweka uimbaji wa Kimaa na muziki wa kufokafoka wa Kiswahili katika wimbo mmoja, na kuupeleka wimbo huo kwa wasikilizaji wa Arusha, wa Dar es Salaam na wa Ulaya kwa wakati mmoja.

Sikuja kuwaeleza kwamba albamu hiyo ni nzuri au mbaya, ingawa maoni yangu hayatafichika. Suala langu ni hili: albamu hii ilihukumiwa mara mbili. Ilihukumiwa kwa maandishi, katika lugha za kigeni, na watu ambao wengi wao hawakielewi Kiswahili. Ikahukumiwa pia kwa mdomo, kwa Kiswahili, vijiweni, kwenye daladala na redioni, na watu walioelewa kila mstari. Hukumu ya kwanza ipo mpaka leo na mwanafunzi anaweza kuinukuu. Ya pili imepeperuka. Matokeo yake ni kwamba anayeandika tasnifu leo juu ya muziki wa Arusha hulazimika kuanza na yale yaliyosemwa na wasiosikia maneno, kana kwamba waliosikia hawakusema kitu.

Hukumu inayoweza kurudiwa

Ili tuone uzito wa jambo hili, tutazame kwanza mfano wa mbali. Mwaka 1996 mwimbaji wa muziki wa soul wa Marekani, Maxwell, alitoa albamu yake ya kwanza, Maxwell's Urban Hang Suite, iliyopokewa vizuri sana. Albamu ya pili, Embrya, ilitoka mwaka 1998. Katika hiyo alithubutu zaidi: nyimbo ndefu zinazoelea bila kukimbilia kiitikio, maneno yaliyofumbwa, na majina ya nyimbo yaliyoandikwa kwa namna ya mafumbo. Baadhi ya wahakiki walimkaripia kwamba amejiona mno na kwamba maneno yake hayaeleweki. Albamu hata hivyo iliuza zaidi ya nakala milioni moja nchini mwake, na ilipotolewa upya mwaka 2018, kutimiza miaka ishirini, waandishi kadhaa waliirudia wakaona kwamba kile kilichoitwa kujikweza kilikuwa ubunifu ulioitangulia zama yake.

Kwetu sisi jambo la kuangalia si nani alikuwa sahihi. La kuangalia ni kwamba mwaka 2018 palikuwa na kitu cha kubishana nacho. Hukumu ya mwaka 1998 ilikuwa imeandikwa, ikiwa na sababu zake, na mhakiki mpya aliweza kuishika na kuipinga hoja kwa hoja.

Tusidhani kwamba jambo hili ni la Wamarekani peke yao. Katika ushairi wa Kiswahili tunao mfano wetu, tena mkubwa zaidi. Euphrase Kezilahabi alipochapisha diwani yake ya Kichomi mwaka 1974, alitetea katika utangulizi wake matumizi ya ushairi usiofungwa na vina na mizani. Wahafidhina walimjibu kwa ukali. Walikuwa na silaha mkononi, kwani Kaluta Amri Abedi alikwisha kuziweka sheria za utunzi katika kitabu chake cha mwaka 1954. Mwaka 1979 M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi wakatoa Kunga za Ushairi na Diwani Yetu, kitabu kilicholipanua suala zima la nini kinachoufanya ushairi uwe ushairi. Diwani ya pili ya Kezilahabi, Karibu Ndani, ilipotoka mwaka 1988, ilikuta uwanja wa hoja umekwisha kulimwa. Mgogoro ule ulikuwa na maneno mengi ya hasira, na mengine hayakuwa na maana. Lakini uliandikwa, na kwa kuwa uliandikwa, kila kizazi cha wanafunzi wa Kiswahili huupitia upya na kutoa uamuzi wake.

Sasa jiulizeni ni wimbo gani wa Bongo fleva uliopata mjadala wa namna hiyo kwa Kiswahili. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilifungua mlango kwa vituo binafsi vya redio, Radio One ikaanza mwaka 1994, na nyingine zikafuata. Muziki wa vijana ulipata hewani kile ulichokosa katika majarida. Magazeti ya burudani nayo yaliongezeka, lakini kurasa zake zilijaa habari za wasanii kuliko uchambuzi wa kazi zao: nani amegombana na nani, nani amenunua gari. Tuzo za muziki za Tanzania, zilizoanza mwaka 1999, zilitaja washindi. Tuzo hutuambia nani kashinda. Haituambii kwa nini.

Istilahi za vijiweni

Je, hii ina maana kwamba uhakiki wa Kiswahili haukuwapo? Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaosema kwamba msikilizaji wa kawaida hupenda au hukataa tu, bila kujua sababu. Nisikilizeni kidogo juu ya maneno ambayo vijana wa miaka ya 2000 waliyatumia walipoupima wimbo.

Walisema wimbo "umetulia". Kamusi itawaambieni kwamba kutulia ni kukaa bila fujo. Kijiweni neno hili lilikuwa hukumu ya muundo: sehemu za wimbo zimekaa mahali pake, mdundo hauyafukuzi maneno, kiitikio hakijabandikwa kwa nguvu. Walisema mistari "imekwenda shule". Hii ilikuwa hukumu ya maudhui na ya fikra: msanii hakupanga vina tu, amewaza. Walisema fulani "amefunika", na hapo hukumu ilikuwa ya ulinganishi, kwani huwezi kufunika pasipo cha kufunikwa. Ni neno linalotoka katika utamaduni wa mashindano, ule ule uliozaa malumbano ya washairi na majibizano ya vikundi vya taarab. Na walisema "amechemsha", yaani amejaribu jambo likamshinda. Angalieni kwamba neno hili halitumiki kwa asiyejaribu. Kwa kazi yenye tamaa kubwa ndilo hasa swali lake: je, ametulia au amechemsha?

Palikuwa na neno jingine, lenye ukali zaidi, "kubana pua". Wapenzi wa kufokafoka waliwaita waimbaji wa miondoko laini ya R&B na soul "wabana pua", wakimaanisha kwamba wanaiga sauti za Kimarekani kwa kuipitisha hewa puani na kwamba ulaini huo unaficha ukosefu wa ujumbe. Neno hili lina dharau, na mimi sioni kwamba lilitumika kwa haki kila mara. Lady Jaydee, ambaye husifiwa kama mmoja wa waanzilishi wa uimbaji wa R&B kwa Kiswahili, alitoa albamu yake ya pili, Binti, mwaka 2003. Asikilizaye uimbaji wake kwa makini atasikia kitu ambacho neno "kubana pua" haliwezi kukieleza: silabi za Kiswahili, ambazo karibu zote huishia kwa irabu, zinatoa nafasi ya kuvuta na kupamba sauti mwishoni mwa karibu kila neno, jambo ambalo Kiingereza chenye konsonanti nyingi za mwisho hakiliruhusu kwa urahisi namna hiyo. Soul ya Kiswahili si soul ya Kiingereza iliyotafsiriwa. Lakini ili kumjibu mwenye dharau ilipasa hoja hii iandikwe wakati ule, mahali ambapo angeisoma. Neno la mitaani likabaki peke yake uwanjani.

Uta Reuster-Jahn na Roland Kießling walichapisha mwaka 2006, katika jarida la Swahili Forum, utafiti mpana wa lugha ya mitaani nchini Tanzania. Ni hazina. Tunachohitaji kuongeza ni kuyatazama baadhi ya maneno hayo kama istilahi za uhakiki. Tumezoea kuyaorodhesha chini ya kichwa cha simo na kupita.

Mji na lugha zake

Turudi Arusha. Msikilizaji wa Dar es Salaam au wa Munich anaposikia "Maasai" huona mbuga. Sisi tulio hapa tunajua kwamba hali ni ya mchanganyiko zaidi. Miteremko ya Meru ina Waarusha, ambao husema Kimaa lakini ni wakulima wa migomba na mahindi kwa vizazi vingi. Ina Wameru, ambao lugha yao ni ya Kibantu iliyo karibu na Kichaga. Na mji wenyewe, kuanzia Ngarenaro hadi Kijenge, Kaloleni na Ungalimited, una watu kutoka kila pembe ya nchi. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha. Kijana wa Arusha anayefokafoka kwa Kiswahili haiachi asili yake. Anasema lugha ya mtaa wake.

Hata mahusiano ya mji huu na muziki wa watu weusi wa Marekani hayakupitia redio peke yake. Katika kijiji cha Imbaseni, mwendo mfupi kutoka Usa River, wamekuwa wakiishi Pete O'Neal, aliyekuwa kiongozi wa chama cha Black Panther katika Kansas City na aliyefika Tanzania mwaka 1972, na mkewe Charlotte, mshairi na mwanamuziki anayejulikana na wengi kama Mama C. Kituo chao cha jamii, kilichoanzishwa mwaka 1991, kilikuwa pia mahali pa vijana wa hip hop wa Arusha kurekodi na kukutana. Kwa hiyo tunapouliza Arusha ilitoa wapi fahari ya kuweka asili yake mbele ya jukwaa, sehemu ya jibu imo humu humu, chini ya mlima.

Tena Arusha ni mlango wa watalii wa Serengeti na Ngorongoro. Picha ya Mmaasai mwenye shuka na mkuki huuzwa katika vinyago, kadi na vitambaa kila barabara ya katikati ya mji. X Plastaz waliijua picha hiyo kuliko mtu yeyote wa Ulaya. Merege alipopanda jukwaani na shuka, alikuwa amevaa vazi lake la kawaida na wakati huo huo amevaa bidhaa ambayo mtazamaji wa kigeni alikwisha kuinunua. Kundi halikuwa mateka wa picha, liliitumia. Swali ni kama picha haikulila kundi kwa upande wake.

Macho yaliyotangulia masikio

Mapokezi ya kigeni ya albamu hii yalijikita katika mkutano wa mila na usasa: Mmaasai kwa upande huu, hip hop kwa upande huu, na mshangao katikati. Si mapokezi ya uadui. Yalikuwa ya ukarimu, na kwa kiasi fulani yalichochewa na jina lenyewe la albamu, ambalo ni la Kiingereza na linaweka "Maasai" kama kivumishi cha kila kitu kilichomo. Katrina Daly Thompson, katika makala yake ya mwaka 2008 kwenye Journal of African Cultural Studies, alilichukua suala la uhalisi na uwakilishi katika kazi za kundi hili kwa uzito unaostahili, na mwanafunzi yeyote wa somo hili aanze hapo. Ni heshima kwamba Arusha imepata makala ya namna hiyo. Ni aibu kidogo kwamba haina mwenzake kwa Kiswahili.

Kwa maoni yangu jina la albamu linadai kitu ambacho nyimbo zenyewe hazikithibitishi. Lugha kuu ya albamu ni Kiswahili. Kimaa kina nafasi yenye nguvu, lakini ni nafasi ya sauti inayoingia, inayoitikia, inayoinua. Katika uimbaji wa Kimaasai kuna olaranyani, kiongozi wa wimbo, na kuna wenzake wanaomjibu kwa mvumo mzito wa koo unaojirudia. X Plastaz waliugeuza mpango huo. Mara nyingi mfokaji wa Kiswahili ndiye anayekalia mahali pa olaranyani, na Kimaa kinapewa kazi ya mwitiko na ya mvumo. Hilo ni tendo la kisanaa la kujadiliwa: je, ni heshima kwa Kimaa au ni kukishusha cheo? Mhakiki ambaye hasikii Kiswahili hawezi kuliuliza swali hili, kwa sababu kwake lugha zote mbili ni sauti tupu.

Na tuseme ukweli wote. Msikilizaji wa Dar es Salaam alisikia Kimaa jinsi Mjerumani alivyosikia Kiswahili. Mulokozi, katika makala yake ya mwaka 1989 kwenye jarida la Mulika juu ya tanzu za fasihi simulizi, anatufundisha kuitazama fasihi simulizi kama tukio lenye fanani, hadhira, mahali na wakati. Albamu inavunja tukio hilo vipande. Fanani ni wale wale, lakini hadhira ni tatu: moja haisikii lugha yoyote kati ya hizi mbili, moja inasikia moja, na moja, ya Waarusha na Wamaasai waliokulia mjini, inasikia zote. Hadhira ya tatu ndiyo pekee iliyoipokea albamu nzima. Ndiyo pia iliyoandika kidogo kuliko zote.

Majina matatu

Maneno ya nyimbo hizi ni mali ya watunzi wake, na sitayasoma hapa. Nitajifunga katika majina tu, kwani hata majina yanatosha kuonyesha nini kilichopotea.

La kwanza ni "Nini Dhambi kwa Mwenye Dhiki". Anzeni na sauti. Dhambi na dhiki yote mawili yametoka Kiarabu, lakini huko hayaanzi kwa sauti moja: la kwanza lina dhali, la pili lina dadi. Ni Kiswahili kilichoziunganisha sauti hizo mbili na kuyafanya maneno haya yaitane. Msemaji wa bara atakayetamka "zambi" na "ziki" hatapoteza kitu, kwani maneno yataendelea kuitana. Kisha hesabuni mizani: Ni-ni dha-mbi kwa mwe-nye dhi-ki. Ni tisa, moja zaidi ya nane za kipande cha shairi la kimapokeo. Sidai kwamba mtunzi alihesabu. Ninadai kwamba sikio lililolelewa na Kiswahili linafika karibu na kipimo cha zamani hata lisipokusudia. Halafu sarufi. "Nini" imetangulizwa, na kwa sababu hiyo swali lina njia mbili. Linaweza kuuliza ni kitu gani kitakachohesabiwa kuwa dhambi kwa mtu mwenye shida, yaani linaomba hukumu ya huruma. Linaweza pia kusema kwamba kwa mwenye shida dhambi si kitu, yaani linatoa onyo. Huruma na onyo katika maneno matano. Baraza la zamani la mashairi lingelikaa jioni nzima juu ya jina hili.

La pili ni "Kutesa kwa Zamu". Anayefungua kamusi peke yake atakutana na mateso. Lakini mtaani kutesa ni kutamba, kuishi kwa raha mbele ya macho ya wengine. Usemi ulikuwa midomoni mwa watu, na maana yake ilieleweka: leo wewe, kesho mimi. Maana ya kamusi hata hivyo haifi. Inabaki chini, kwa sababu anayetamba huwatesa wanaomtazama. Na neno "zamu" mjini Arusha lina mwangwi wake. Wangapi kati ya vijana wa Kimaasai waliokuja mjini waliishi kwa zamu, wakilinda usiku mali ya watu wanaotesa mchana? Sijui neno la Kijerumani au la Kiingereza litakalobeba haya yote, wala simlaumu mfasiri atakayeshindwa.

La tatu ndilo ninalolipenda zaidi, "Dunia Dudumizi". Dudumizi ni ndege, yule ambaye wengine humwita tipitipi, mwenye sauti ya kushuka kama maji yanayomiminwa kutoka mtungini, na ambaye wengi huamini kwamba hutangaza mvua. Ni ndege wa kusikika kuliko kuonekana. Jina halina kitenzi. Linaweka nomino mbili ubavu kwa ubavu na kumwachia msikilizaji kazi ya kuziunga, kama isemavyo methali yetu kwamba dunia mti mkavu, kiumbe usiuelemee, methali iliyompa Said Ahmed Mohamed jina la riwaya yake ya mwaka 1980. Tukirudi nyuma zaidi tunafika Al-Inkishafi, ambamo Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliitazama Pate iliyobomoka na kuionya nafsi yake juu ya hadaa za ulimwengu. Sisemi kwamba vijana wa Arusha walikuwa wamesoma Al-Inkishafi. Muundo wa kuita dunia kwa jina la kitu, na kuisuta kwa jina hilo, unaishi katika lugha yenyewe, na wao waliupokea kutoka humo. Aliyeusikia wimbo huu kama mchango wa "Maasai" peke yake hakusikia kwamba unaendeleza mazungumzo ya Kiswahili yenye umri wa karne mbili na zaidi.

Najua kuna wenzetu watakaouliza: je, unaweza kuuweka wimbo wa kufokafoka karibu na Al-Inkishafi? Swali kama hilo aliulizwa Kezilahabi. Sioni haja ya kulijibu kwa jazba. Naweka jina mbele yenu. Lichambueni kwa vyombo vyetu wenyewe, na kama halistahili, andikeni kwa nini halistahili. Hukumu ya kulikataa, ikiwa imeandikwa kwa sababu zake, itakuwa na faida kubwa kuliko kimya.

Kilichobaki na kinachokusanyika

Faza Nelly aliuawa mjini Arusha mwaka 2006. Mwaka 2009 Gsan alifokafoka kwa Kiswahili katika matangazo ya tuzo za hip hop za kituo cha BET cha Marekani, safari hii bila ya kutanguliwa na shuka. Mji wenyewe uliendelea kutoa wasanii, Nako 2 Nako kutoka Ngarenaro, kisha Joh Makini na wenzake wa Weusi, na mahali pa Arusha katika hip hop ya Kiswahili hapahitaji tena kutetewa.

Hukumu ya kijiweni ya mwaka 2004 haijapotea yote. Waliokuwa na umri wa miaka ishirini wakati ule sasa wamevuka arobaini. Wapo, wana kumbukumbu, na wengine wamo humu ukumbini. Kanda za redio huharibika, na nyingi zilifutwa ili kurekodiwa vipindi vingine, jambo ambalo kila aliyefanya kazi studioni analifahamu. Watu hudumu kidogo zaidi kuliko kanda. Mwanafunzi akienda Kaloleni au Sakina na swali mahususi, si "uliupenda wimbo huu?" bali "ulitulia wapi, na ulichemsha wapi?", atarudi na uhakiki. Ayaandike majibu kwa lugha ya waliojibu, na istilahi zao azifafanue badala ya kuzisafisha.

Liko jambo moja ambalo idara zetu za Kiswahili haziwezi kulifanya peke yake. Sehemu za Kimaa za albamu hii zinahitaji kunukuliwa na kufafanuliwa na msemaji wa Kimaa anayeijua mikondo ya nyimbo za morani, za wanawake na za mifugo, na anayeweza kutuambia ni wapi Merege anafuata mapokeo na ni wapi anabuni. Kimaa ni lugha yenye toni, na mdundo wa kufokafoka huibana toni hiyo. Kama maneno yanabaki na maana yake katika kubanwa huko au yanageuka kuwa mvumo tu, ni jambo la kupimwa mstari kwa mstari. Kazi hiyo inaweza kufanyika hapa Arusha kwa gharama ndogo kuliko popote pengine duniani, na wanafunzi wanaosema Kimaa nyumbani tunao darasani.